Simu, Kebo na Minazi ya Chirau

Jumatatu, 29 Machi 1999

Kuanzia barabara ya kuteremkia Diani mpaka kwenye kisima changu, hapa Ukunda, ipo minazi ishirini na mitatu, na yote ni yangu mimi Kheri. Hakuna mtu mwenye hata mnazi mmoja humo. Naandika kwa wino ili isifutike.

Baada ya chai. Hafsa amepita nyuma yangu, akasoma, akacheka puani. Basi, minazi saba si yangu. Ile saba iliyojipanga mstari mmoja kutoka barabarani ni ya jirani yangu Chirau. Ardhi ni yangu, minazi ni yake. Mamake, Bi Mwanapili, alimwomba marehemu baba ruhusa ya kupanda, akaruhusiwa, akapanda, na huku kwetu aliyepanda ndiye mwenye mti hata kama ardhi ni ya sultani. Mtu wa bara umweleze mara tatu, hakuelewi. Lakini makuti yake yanaangukia paa langu, na mimi na Chirau huu ni mwaka wa nane hatusemezani, kwa hiyo ukiniuliza ghafla nitasema ni yangu.

Daftari hili amenipa Hafsa. Ni binti yangu, aliachwa na mumewe, akarudi nyumbani, ndiye anipikiaye. Alinipa niandike mapishi, maana nilikaanga mayai ya wageni hotelini miaka ishirini na sita. Mayai hayana siri ya kuandikwa. Mimi nitaliandikia ushahidi. Masika yanakuja, na masika ndiyo majira ambayo watu hunidanganya.


Alhamisi, 1 Aprili

Nilijua. Hafsa amerudi na barua. Yeye anapiga chapa ripoti za wale watu wanaopanda mikoko kule Gazi. Chumba chao cha Gazi kinafungwa mwisho wa Juni. Bibi mkubwa wake wa kazini, anaitwa Nthenya, amemwandikia hivi: akiweza kupeleka kurasa kila Alhamisi kwa kompyuta kutoka nyumbani, atabaki nyumbani, na kompyuta watamwazima. Asipoweza, ahamie Mombasa ofisini ifikapo tarehe mosi Julai.

Nikamuuliza kama leo si ile siku ya wajinga ya Wazungu. Akasema barua iliandikwa juzi.

Nimemwambia Mombasa ni karibu, mtu akivuka feri tu amefika, aende akipenda. Nimesema hivyo nikiwa nimeshika sahani ya wali aliyonipakulia, na sikuula.


Ijumaa, 2 Aprili

Hafsa anasema hizo kurasa haziendi hivihivi. Zataka njia, na njia ziko mbili. Ya kwanza ni waya wa simu, wa watu wa simu, unaoletwa na nguzo. Ya pili ni kebo ya Mwangangi mwenye duka la kanda za video. Tena kila njia ina mtu wake, na kila mtu ana mdomo wake. Nitawaita wote wawili niwatazame machoni.


Jumamosi, 3 Aprili

Amekuja Kitsao, fundi wa simu. Amenipa shikamoo ndefu kabisa, nami mtu akiniamkia kwa urefu ule hushika mfuko wangu. Amepima kwa hatua kutoka barabarani. Zahitajika nguzo mbili. Nguzo hazipo, zitakuja. Nikamuuliza lini. Akasema, "Wiki mbili, mzee, inshallah." Kitsao hasali msikitini wala kanisani, hiyo inshallah ameiazima kwa nani?

Kisha akatazama ule mstari wa minazi saba, akaniuliza, "Bwana Chirau hajambo?"

Nikamjibu hajambo. Sijui kama hajambo.


Jumanne, 6 Aprili

Mvua.


Alhamisi, 8 Aprili

Leo zamu ya Mwangangi. Kijana mnene, mcheshi, wa Machakos, ana kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Maneno yake yanateleza kama yai kwenye mafuta.

"Mzee, ya simu utangoja mpaka uzeeke."

"Nishazeeka."

"Basi utangoja mpaka ukufe. Kebo yangu ni siku moja. Inakuletea sinema, inakuletea intaneti, haikuhesabii dakika. Na nguzo za nini? Nguzo si hizi hapa?"

Akaonyesha minazi saba ya Chirau. Akauliza, "Hizi ni zako?"

Nami nikamwambia, "Unaona mtu mwingine amesimama hapa?"

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akacheka, akatoa karatasi. Imeandikwa kwamba mwenye shamba anaruhusu waya upite juu ya miti yake. Nikamwambia nitafikiri.

Jambo moja limenikaa kooni. Barua za Hafsa zitapita dukani mwake kabla ya kufika Mombasa. Hivi mtu apitishiwe barua mbele ya pua asizisome? Mimi nisingeweza.


Jumapili, 18 Aprili

Mvua siku kumi. Nguzo hazikuja. Kitsao nimemwona leo kwenye kibanda cha chai, akaficha uso kwa kikombe. Amesema wiki mbili.

Nimepima njia zote mbili kichwani. Simu ni ya serikali, ikiharibika unalalamika kwa mtu usiyemjua. Kebo ni ya Mwangangi, ikiharibika unajua mlango wa kugonga. Simu watakusikiliza pale kituoni, kebo atakusoma dukani. Simu yaja na nguzo zake. Kebo haina nguzo, yataka ya watu.

Neno la mwisho sikupenda lilivyojiandika.


Ijumaa, 23 Aprili

Nimetia saini karatasi ya Mwangangi. Jina langu lote, na mkia chini yake.

Hafsa hakuwepo. Kwa nini nimechagua kebo? Kwa sababu Kitsao ameniuliza tena, "Bwana Chirau hajambo?" Fundi wa simu mwenye kuuliza habari za minazi ya watu ana lake jambo.


Jumatano, 5 Mei

Mvua ilipumzika asubuhi, waya ukapandishwa. Mweusi, mnene kama kidole changu kidogo. Vijana wa Mwangangi waliegemeza ngazi mnazi mmoja baada ya mwingine, wakapigilia misumari. Misumari ya inchi nne. Ule mlio wa chuma kuingia mnazini nauandika hapa kwa sababu niliusikia, na niliposikia niliingia ndani kupika chai ambayo hakuna aliyeitaka.

Alasiri Hafsa akaandika barua kwa Bi Nthenya kwa ile kompyuta aliyoazimwa. Chai haijapoa, jibu limekuja. Hafsa akapiga makofi kama mtoto. Mimi nikachungulia nyuma ya kompyuta. Mtu ataniambiaje kwamba jibu lile limetoka Mombasa na si Mwangangi amekaa dukani anajibu?

Nikamwambia amuulize kama huko mvua inanyesha. Likaja jibu: inanyesha, mawingu meusi. Lakini hata hapa ilikuwa inanyesha na mawingu meusi. Mwangangi ana dirisha.

Nikamwambia tena amuulize Bi Nthenya mchana amekula nini. Jibu: muthokoi, yale mahindi ya Kikamba. Mwangangi naye ni Mkamba. Hapo ushahidi umekwisha, na shaka imebaki pale pale.


Alhamisi, 13 Mei

Hafsa amepeleka kurasa kumi na mbili. Ameimba jikoni. Sauti yake mbaya kama ya mamake, Mungu amrehemu.


Jumatatu, 17 Mei

Waya umekatwa.

Si upepo. Upepo huvuta, huu umekatwa sawasawa kwa kitu chenye makali. Namshuku Kitsao. Kebo ikishinda, nani atamwita mtu wa simu? Halafu namshuku Mwangangi mwenyewe, ili nimlipe kuunga. Vile vile nawashuku kima, ingawa kima hawana panga.

Mwangangi ameunga bila malipo. Huo wema nao naushuku.


Alhamisi, 27 Mei

Umekatwa tena, na leo ni siku ya kurasa. Hafsa amepanda gari kwenda Mombasa kuzipeleka mkononi, amerudi ameloa mpaka mifupani.

Nilikwenda kutazama minazi. Misumari imeng'olewa. Haikutupwa, imepangwa juu ya jiwe kwenye shina la kila mnazi, safi, kama vijiko baada ya kuoshwa. Nimehesabu minazi iliyong'olewa misumari. Waya ulipita juu ya minazi tisa, saba ya mbele na miwili ya karibu na nyumba. Ile miwili misumari ipo.

Sitaki kuandika zaidi leo.


Jumamosi, 29 Mei

Namshuku Kitsao bado. Nimemfuata mpaka nguzoni, yuko juu, nikamuuliza kutoka chini mbele ya watu kama ni yeye mkata waya. Ameshuka taratibu, akajifuta mikono, akaniangalia kama anaangalia mkojo wa paka.

Aliniambia jambo ambalo karatasi ya Mwangangi haikulisema. Ile intaneti ya Mwangangi haitoki mbinguni. Dukani kwake kuna kisanduku kinacholia kama sufuria inayokwanguliwa, na kisanduku kile kimechomekwa kwenye simu. Simu hii hii. Masika haya Kitsao amekwenda kumtengenezea mara nne. Kebo inaanzia kwa Mwangangi tu, kabla ya hapo ni waya wa Kitsao.

"Sasa mzee wangu," akasema, "nikate waya unaoniletea kazi?"

Nikamwambia basi nimechezewa, bora ningechukua simu tangu mwanzo.

"Ungechukua simu ningekuuliza lile lile. Nguzo zikisimama pale, lazima makuti ya ile saba yapunguzwe. Nimekuuliza mara mbili kama Bwana Chirau hajambo. Ulidhani namwulizia afya?"

Simu, kebo, zote zapita kwa Chirau. Miezi miwili nachagua kati ya milango miwili ya chumba kimoja.


Jumanne, 1 Juni

Mvua. Nyumba inavuja pale pale.


Jumapili, 13 Juni

Leo nitaandika mpaka wino uishe, maana leo sikufurahi na nafsi yangu.

Mwangangi amekuja baada ya kanisa, amevaa tai. Baada ya ile ya pili alikuwa ameunga na kupigilia upya; kukata mara ya tatu kulikuwa jana. Nilimtaka aunge. Akakataa kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniumiza. Akatoa karatasi yangu akaiweka mezani mbele ya Hafsa.

"Mzee, kuna mtu amekuja kwa duka. Hakupiga kelele. Ameniambia hizo miti saba mama yake alizipanda. Nikamwambia mwenye shamba amesaini. Akacheka, akaniambia, shamba ni lake, sikatai. Sasa mzee, mimi kwetu Machakos mwenye shamba ndiye mwenye miti, singejua. Lakini wewe ulijua."

Hafsa aliisoma karatasi yote. Alifika kwenye saini yangu na mkia wake. Nilitaka kufanya mzaha kuhusu ule mkia. Ulimi ulikuwa tayari.

"Baba," akasema, "nilikuwa nadhani wananihujumu watu. Kumbe ni wewe."

Mwangangi akatazama tai yake. Akasema akipata ruhusa ya mwenye miti atarudisha waya, asipopata atauchukua mwishoni mwa mwezi, aende zake. Akamuaga Hafsa, mimi akaniaga nusu.

Nilipoingia chumbani kwa Hafsa kumwita chakula, nilikuta amefungua sanduku. Anakunja leso. Hajaanza nguo kubwa, leso tu. Nimeoa, najua: mwanamke akianza na leso bado anasikiliza, akifika kwenye viatu amekwisha amua.

Sasa niandike lile ambalo sijaliandika. Kwa nini Chirau hanisemezi? Mwaka wa tisini na moja mamake alifariki. Siku ya hitima, watu wamekaa jamvini, wali unangojwa, mimi nikauliza kwa sauti marehemu amemwachia nani wosia wa kugombana na majirani. Watu walicheka. Wengine walicheka sana. Neno lile angelisema mtani, lingepita, mtani ana ruhusa hata ya kulala kaburini. Mimi si mtani wa Chirau. Mimi ni jirani tu, niliyekula nazi za mamake tangu nikiwa mtoto. Chirau aliinuka akaenda kupakua wali kwa mikono yake mwenyewe, akanipakulia na mimi. Sahani iliyojaa. Tangu siku ile hajanipa neno.

Na nimekuwa nikisema kwa miaka minane kwamba ananuna bila sababu.

Masika yote haya nimewashuku watu wawili na kima. Yule niliyemdhulumu sikumshuku, kwa sababu ningemshuku ningelazimika kusema kwa nini.


Jumatano, 16 Juni

Nimekwenda kwa Chirau. Ni hatua sitini, nimezihesabu kwa kuwa sikuwa na la kufanya na kichwa changu.

Alikuwa anafua nazi. Chuma cha kufulia kimesimikwa ardhini, anachoma nazi, anazungusha, kumbi linatoka. Hakuacha kazi. Nilitoa salamu, akaiitika, maana salamu ni haki. Nikakaa juu ya makumbi bila kukaribishwa.

Nilianza na hali ya hewa. Akachoma nazi nyingine. Nikahamia kwa Mwangangi, nikasema watu wa bara hawajui mila. Akachoma nyingine. Nikaona nikiendelea nitafuliwa na mimi.

Nikamwambia, "Bwana Chirau, Hafsa anaondoka."

Hapo akaacha. Hafsa alikuwa akimsukia Bi Mwanapili makuti alipokuwa msichana, nilikuwa nimesahau. Au nilikuwa nimeamua kusahau.

"Waya ungenyamaziwa," akasema. Sauti yake imezeeka, sikuwa na habari. "Ungefunga kwa kamba, ningepita chini yake nikatazama pembeni. Umepiga misumari, Kheri. Mama alichimba yale mashimo kwa jembe, ana mimba yangu."

Sikuwa na mzaha. Niliutafuta, haukuwepo.

Nikamwomba ruhusa. Akaokota nazi, akaipima mkononi, akasema, "Lile neno la hitima ulilisema mbele ya watu. Na hili sema mbele ya watu."


Ijumaa, 18 Juni

Nimesema. Baada ya sala, barazani msikitini, watu wanatafuta viatu vyao. Nimesema minazi saba iliyo kwenye ardhi yangu ni ya Bi Mwanapili, na sasa ni ya mwanawe Chirau, na mimi nilitia saini mali isiyo yangu, na neno nililolisema siku ya hitima yake lilikuwa ufidhuli.

Mtu mmoja alingoja nimalizie kwa kichekesho. Alingoja sana, kiatu kimoja mkononi.

Chirau alivaa vyake akaenda.

Nashuku hakusikia. Namna alivyoweka shingo, nashuku alisikia.


Jumatatu, 21 Juni

Asubuhi nimeamshwa na mtu juu ya mnazi. Mkwezi wa Chirau, mpanda minazi wake, na nashuku ndiye yule yule aliyekata. Amepanda bila ngazi, kitanzi miguuni, waya begani, na mafungu ya kamba za usumba, zilizosokotwa kwa nyuzi za makumbi. Amefunga mnazi wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba, na fundo lake la kulegezwa mnazi ukinenepa. Mwangangi amesimama chini na misumari yake mfukoni, kinywa wazi. Ameniuliza huyu fundi amesomea wapi.

Kitsao alipita na baiskeli, akasimama, akauliza, "Bwana Chirau hajambo?"

Nikamwambia hajambo. Safari hii nilikuwa najua.


Alhamisi, 24 Juni

Kurasa kumi na nane zimekwenda. Bi Nthenya amejibu: Hafsa atafanya kazi nyumbani kuanzia tarehe mosi. Nimemwambia Hafsa amuulize amekula nini, nihakikishe. Hafsa amekataa. Leso zimerudi kwenye kamba.


Jumamosi, 26 Juni. Maulidi.

Hafsa amesema kwa furaha ya leo niandike barua yoyote, ataipeleka kwa kompyuta mahali popote duniani. Nimefikiri duniani kote. Mtu ninayetaka kumwandikia yuko hatua sitini na hana kompyuta. Basi nitauchana ukurasa huu na kumpelekea kwa miguu. Njia hii ya tatu haipiti dukani kwa Mwangangi, ingawa namshuku mbebaji.

Bwana Chirau, asalaam aleikum, na heri ya Maulidi.

Nimeona leo asubuhi mkwezi wako anaangua minazi yako saba. Ameukwepa waya vizuri sana, kama anavuka mtu aliyelala. Hafsa anakushukuru, nami nilisimama dirishani nikimlinda asichukue cha kwangu, mpaka nikakumbuka mle hamna changu.

Ila kimo kimoja. Mama yako, siku aliyopewa ruhusa na baba, waliagana hivi: kila akiangua, mwenye ardhi apate madafu mawili, ya kinywa, si ya kuuza. Bi Mwanapili alikuwa akiyaleta mwenyewe, yamekwisha kuchongwa, na kunitukana kidogo. Tangu mwaka wa tisini na moja sijayaona, na sababu tunaijua mimi na wewe na msikiti mzima.

Ya nyuma sidai. Nataka ya leo tu, mawili, ya mnazi wa tatu kutoka barabarani, ule wenye maji matamu. Usimtume mtu. Lete wewe, nipate kuyakagua mbele yako.